Mpira Niliouokota

Gofu niliiona mara ya kwanza nikiwa na panga mkononi. Tulikuwa upande wa Shinyanga, watu wengi tulioitwa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kujificha na ng'ombe wapate kuishi. Nilikuwa mtu mzima tayari. Shule ya misheni niliiacha darasa la pili, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu nami nilichoka na fimbo yake. Baada ya hapo nilikuwa nimechunga, nimebeba pamba, nimebeba mataruma ya reli mpaka bega likaota sugu. Mahali pote nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Siku hiyo, kwenye eneo tulilokwisha kung'oa visiki, nilimwona mzungu wa boma anatembea peke yake. Anasimama, anajipinda, anapiga kitu chini, anakifuata, anakipiga tena. Nikajua anaua nyoka. Lakini nyoka gani huyo asiyekufa kwa mapigo sita? Nikawaacha wenzangu, nikamfuata kwa mbali nione.

Akageuka. "Unatafuta nini?"

"Natafuta unachokitafuta wewe, bwana."

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanibebesha mfuko wa fimbo zake. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mchezo ambao sikuwahi kuuacha. Nilimbebea mfuko zaidi ya mwaka. Alipohamishwa, nami nikahama. Habari za dhahabu zilikuwa zimeenea, kila mtu anaelekea upande wa Geita, nikasema na mimi nikaone jiwe hilo linalowatoa watu makwao.

Dhahabu yenyewe sikuiona kwa muda mrefu. Nilichokiona mgodini ni vumbi, na nilichokisikia ni kinu cha kusaga mawe, ambacho kilinguruma mchana kutwa na usiku kucha mpaka ukikaa wiki mbili husikii tena, ila kikinyamaza unashtuka. Nilipewa kazi ya kubeba magogo ya kushikiza mashimo. Na juu ya kilima, ng'ambo ya kinu, nikaona bendera ndogo nyekundu imesimama katikati ya nyasi kavu. Bendera ya namna hiyo niliijua.

Jumapili ya kwanza nilipanda. Viwanja vyetu vya zamani huko bara havikuwa na majani laini kuzunguka shimo, jua lisingeyaacha. Pale mpira unapomalizia safari, palitandazwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashine, ukashindiliwa ukawa mweusi na mzito ili upepo usiuchukue. Wafanyakazi tuliliita jamvi. Kila baada ya watu kupita, jamvi lililazwa upya kwa mburuzo, ubao uliofungwa gunia na kamba, mtu anauvuta akizunguka mpaka mchanga unakuwa kama maji ya asubuhi. La Shinyanga lilikuwa jekundu na kavu. Hili jeusi lilinishangaza. Nikapiga magoti katikati yake, nikachota kidogo, nikanusa.

"Wewe! We Msukuma! Hapo kwa mama yako? Toa magoti yako!"

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, amevaa kofia ya kiua iliyopauka, anakuja mbio na mburuzo unamfuata nyuma kama mbuzi aliyegoma.

"Umejuaje kama mimi Msukuma?"

"Nani mwingine atakuja kunusa mchanga? Ananusa! Jamani, mtu mzima huyu, amekosa ugoro."

"Mna mafuta mengi mno humu," nikamwambia. "Mpira utakwama."

Akaacha kucheka. Akanitazama kuanzia miguuni. "Unajua kucheza?"

"Najua kubeba."

"Kubeba hata punda anajua. Njoo kesho alfajiri, kabla ya king'ora. Na unawe miguu."

Alikuwa Msumbwa wa Masumbwe, aliyesilimu kwa wachuuzi aliowabebea mizigo ujana wake. Kazi yake ilikuwa kulaza majamvi yote tisa, na mburuzo ulimpa kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho: yeye angeweza kucheza alfajiri akafuta nyayo zake zote, na wazungu wakapanda saa kumi jioni wasijue kwamba mtu amepita. Nyayo za wawili zinafutika sawasawa na za mmoja. Basi tukawa wawili.

Fimbo zetu zilikuwa vichwa vya chuma vilivyotupwa jalalani, tukavitia mipini ya mkole. Mkole unapinda bila kuvunjika, watu wa pinde wanajua. Mipira tuliiokota kwenye shamba la mihogo chini ya shimo la kwanza, ile iliyopasuka ambayo wenyewe hawakuitaka. Ilipotuishia tulipiga ndulele, yale matunda ya njano ya porini. Ndulele mbichi inaruka vizuri sana, mara moja tu. Ya pili inakurukia usoni, mbegu na maji machungu, na mwenzako anakaa chini kwa kicheko.

Mimi nilipiga kwa nguvu na mbali, bila kujua mpira utaangukia kata gani. Yeye alipiga karibu na sawa. Kwenye jamvi hakuna aliyemfikia. Angechuchumaa, angetazama mchanga unavyolala, angesema "Bismillahi" kwa sauti ya chini kama mtu anayeanza kula, kisha angeusukuma mpira nao ungekwenda kama umeitwa. Alinifundisha kuutazama mwinamo. Mimi nilimfundisha kuachia mabega.

"Unapiga kama unaomba radhi," nilimwambia.

"Na wewe unapiga kama ng'ombe wako wameibwa."

Mwaka ukapita hivyo, nami miguu haikuniwasha. Hilo nililiona baadaye. Niliacha magogo, nikawa mbebaji wa mzungu wa kinu, bwana mnene asiyependa kuinama. Huyu hakuwahi kumaliza shimo hata moja. Mpira wake ukisimama hatua mbili au tatu kutoka shimoni, alipunga mkono tu, mwenzake anamkubalia, wanahesabu kama umeingia. Kazi yangu ilikuwa kuinama kwa niaba yake: kuokota mpira, kuupangusa kwenye paja, kumpa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko na magoti yamelegea kidogo, kama tulivyofundishwa kwetu kumpa mtu mkubwa kitu. Nilifanya hivyo mara nyingi kwa siku. Nalitaja hapa kwa sababu ndilo lililoniponza.

Rafiki yangu alikuwa na mke, na mkewe alikuwa Masumbwe. Nililijua hilo kwa namna alivyotazama barabara ya kusini kila alipofika jamvi la saba, lililo juu kuliko yote. Mara ya kwanza nilipomuuliza alisema anatazama mvua. Mara ya pili alisema kweli. Sisi wote tulilala katika kambi ya makapera, watu kumi na wawili chumba kimoja, na baba mkwe wake alikwisha kuja akaiona. Mzee yule alisimama mlangoni, akahesabu mikeka, akageuka.

"Alisemaje?"

"Alisema, mwanangu hatalala hapa. Siku utakapokuwa na mlango unaofungwa kwa ndani, njoo umchukue. Kabla ya hapo usije hata kusalimia."

"Miaka mingapi sasa?"

"Unauliza sana, Msukuma. Piga mpira."

Baadaye alinieleza mwenyewe kuwa ni misimu minne ya mvua. Na kwamba mkewe hutuma salamu kwa wachuuzi wa chumvi, kila mara ileile: mlango umepatikana?

Kisha ukaja mlango. Karibu na shimo la saba palijengwa kijumba cha matofali mabichi, vyumba viwili, bati juu, kwa ajili ya mwangalizi mkuu wa kiwanja. Mlango wake ulikuwa wa mbao na komeo la chuma upande wa ndani. Najua kwa sababu tuliingia wote wawili siku seremala alipokwenda kula, rafiki yangu akalisukuma komeo, akalirudisha, akalisukuma. Wiki ile wazungu wakatangaza kwamba wafanyakazi wa kiwanja watashindana, wawili wawili, na atakayebaki wa mwisho ndiye mwangalizi. Anayeweza kukishinda kiwanja, walisema, ndiye anayekijua. Wao walilifanya kama tafrija. Walileta viti.

Tulikuwa wanane. Kwa Jumapili mbili wengine sita wakaondolewa, na Jumapili ya tatu tukabaki mimi na yeye.

Ningependa kuandika kwamba sikutaka kushinda. Nilitaka. Nyumba sikuihitaji, lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kukimaliza kitu. Shule, mifugo, reli, vyote niliviacha katikati, na sasa palikuwa na jambo moja ambalo lingekwisha mbele ya watu nami nikiwa nimesimama. Nililitaka hilo mpaka nikashindwa kula. Naye alijua. Alfajiri za wiki ile tulipiga tu. Ijumaa akanitazama nikiharibu mipira mitatu mfululizo, akaja, akakishika kidole gumba changu cha kushoto akakishusha kidogo kwenye mpini.

"Hapo," akasema. "Umekuwa ukikipandisha tangu Jumatano."

"Mbona unaniambia?"

"Nikikushinda na gumba limepanda, nitakuwa nimemshinda nani?"

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali. Watu wa kambi walipanda kilima, wakakaa upande wa mihogo wakipiga mbinja. "Msukuma, usiupeleke Chato!" wakanipigia kelele nilipopiga la kwanza, nao mpira ukaenda sawa, mbali, katikati. Shimo la kwanza lilikuwa refu na ni langu. La pili lake. Tukaenda hivyo, mmoja akipata, mwingine akirudisha, mpaka tulipoondoka shimo la nane tukiwa sawa. Kwenye la saba, karibu na kile kijumba, nilimwona anajilazimisha asitazame mlango.

La tisa mimi nilimaliza kwa mapigo matano. Yeye aliupandisha mpira jamvini kwa mapigo mawili, mbali na shimo. Pigo la tatu alilisukuma kwa woga, na woga hakuwa nao kwa kawaida. Mpira ukaja ukaja ukasimama hatua mbili za mtu kutoka shimoni. Ukiingia, ameshinda. Usipoingia, tuko sawa na tunarudi shimo la kwanza kuendelea, na shimo la kwanza sikuwa nikimwogopa mtu.

Akazunguka, akachuchumaa upande wa pili, akautazama mchanga. Mimi nilikuwa nimesimama pale ninaposimama siku zote, nyuma kidogo, upande wa kulia wa mpira. Jasho liliniingia machoni. Nikausikia ukimya, na nikaona mpira mweupe, hatua mbili, umesimama. Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka mpira ukiwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeinama nikauokota, nimeupangusa kwenye paja, nimekwenda mpaka alipochuchumaa, magoti yamelegea, mkono wa kushoto umeshika kiwiko.

"Mpira wako, bwana," nikasema.

Alikuwa amefika katikati ya Bismillahi. Akautazama mpira, akanitazama mimi.

Kwenye viti palizuka kicheko, halafu mzungu wa kinu akainuka kwa shida. Sheria ile tuliijua wote: mpinzani wako akikuokotea mpira, amekukubalia, unahesabiwa umeingia. "Imekwisha," akasema. "Amekubaliwa." Watu wa kambi wakapiga kelele, wakambeba rafiki yangu juu juu, kofia ikaanguka. Mimi nikaiokota kofia. Siku ile mikono yangu ilikuwa inaokota tu.

Alinifuata jioni kwenye banda la zana.

"Umenihurumia."

"Sikukuhurumia."

"Ulipiga goti!"

"Mkono ndio uliokwenda. Mkono umezoea."

"Mkono wa nani? Wako au wa jirani?"

"Ndugu yangu, nilitaka kushinda mpaka—"

"Usiniite ndugu. Watu watasema Msumbwa alipewa nyumba kama sadaka. Kesho mke wangu akiniuliza niliupataje mlango, nimwambie nini? Niliokotewa?"

Ufunguo wa kijumba, aliokabidhiwa mchana ule, aliupachika kwenye msumari mle bandani, akaondoka. Siku tatu hakusema nami. Alfajiri nilipanda, nikamkuta anavuta mburuzo wake, akamaliza jamvi moja akaenda jingine, na mimi nikarudi kambini. Ufunguo ulikuwa bado msumarini. Wengi wameniuliza tangu hapo kama kweli sikufanya makusudi, na nimekuwa nikiwajibu kama nilivyomjibu yeye. Lakini nikiwa peke yangu nimejiuliza pia. Mtu anayetaka kitu kiasi kile, mkono wake unawezaje kumponyoka? Sijui. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa mji wowote.

Alfajiri ya nne aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Mwangaluka," akanisalimu, kwa Kisukuma, ambacho hakuwahi kukisema ila kunikejeli. Safari hii hakukejeli. "Amka. Uchukue mpira ule wa Jumapili."

Tulipanda hadi la tisa. Jamvi lilikuwa limelazwa mara tatu tangu Jumapili, alama yoyote ilikwisha futika, lakini yeye alikuwa amechomeka miiba minne pembeni, miwili huku na miwili kule, na pale mistari yake inapokatana ndipo mpira ulipokuwa. Akauweka mwenyewe. Hatua mbili. Akachuchumaa, akautazama mchanga muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote, akasema Bismillahi yote mpaka mwisho, akapiga.

Mpira ulipita kushoto kwa upana wa vidole viwili, ukaendelea kidogo, ukasimama.

Kinu kilikuwa kinanguruma kule chini. Nilikisikia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Basi ufunguo ni wako."

"Ni wangu vipi? Tungerudi la kwanza."

"La kwanza ungenipiga."

"Au ningeupeleka kwenye mihogo. Umenihesabia mara ngapi nimeupeleka kwenye mihogo?"

Mdomo wake ulicheza kidogo. Akauzuia.

"Sikiliza," nikamwambia. "Sheria umenifundisha wewe. Mpinzani akiokota, imekwisha. Ungeingia au usingeingia, haiulizwi."

"Haiulizwi," akasema, taratibu, kama anaonja neno. Akatazama mstari mwembamba uliochorwa na mpira kwenye mchanga, kutoka pale alipopiga, ukipita shimo, mpaka uliposimama. Kisha akauchukua mburuzo, akauvuta juu ya mstari ule, akazunguka, akauvuta tena. Jamvi likalala. Akang'oa miiba yake minne akaitia mfukoni.

"Vyumba viko viwili," akasema akiwa amenipa mgongo. "Cha kushoto kinavuja."

"Sijasema nitakaa."

"Nani amekuuliza kukaa? Nimesema kinavuja. Anatakiwa mtu mrefu wa kupanda juu."

Nilipanda juu. Nilikiziba kwa lami ya mgodi, na kwa kuwa nilikiziba vibaya ilibidi niwe karibu kila mvua ilipokuja, na hivyo nilikaa chumba cha kushoto misimu miwili ya mvua, muda ambao sijawahi kukaa mahali pengine kabla wala baada. Lakini hayo ni ya mbele. Siku ninayoitaka ni ile aliyorudi rafiki yangu kutoka Masumbwe.

Alikuwa amekwenda kwa miguu, siku kadhaa, na kofia mpya. Niliwaona nikiwa juu ya paa, wanakuja kwa njia ya jamvi la saba, yeye mbele na mkeka begani, mkewe nyuma na kuku kwapani. Nilishuka haraka nikachubuka goti. Alikuwa mama mrefu kumshinda mumewe, mwenye sauti ya chini.

"Huyu ndiye aliyeokota?" akamuuliza.

"Ndiye."

Nikatazama chini. Akamhamishia kuku mkono wa kushoto, akaupokea mkono wangu wa kulia kwa wa kwake, akaugeuza kiganja juu, akaukagua kama mtu anayenunua jembe.

"Asante, shemeji," akasema.

Kisha akampa mumewe kuku, akaingia ndani peke yake, akasukuma mlango. Tulisikia komeo likiingia. Likatoka. Likaingia tena. Sisi wawili tulisimama nje kwenye jua na kuku wetu, hatukutazamana.

"Limeingia lote?" rafiki yangu akauliza, mdomo umekaribia mbao.

"Limeingia," mkewe akajibu kutoka ndani.

"Basi fungua, mama. Tuko wawili huku nje."

"Ngojeni kidogo," akasema, na komeo likatoka, likaingia tena.